Wivu Nilioubeba Hadi Hampi

Binti yangu alizaliwa Stockholm, na tangu alipoanza shule alinijibu kwa Kiswidi. Nilimsemesha Kiswahili, yeye akajibu kwa lugha ya shuleni. Hatukugombana. Wazazi wengi tuliokuwa tukikutana kanisani, Wakenya na Wakongo na Warundi, waliishi vivyo hivyo.

Kwa hiyo siku aliponipigia simu, mwaka mmoja baada ya kuolewa, akaniambia anajifunza Kikannada, nilidhani nimesikia vibaya.

"Ndiyo lugha ya mama mkwe," alisema, kwa Kiswidi. "Anafurahi sana nikimwamkia."

Mama mkwe wake ni Mhindi, mjane, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, anayekaa Upplands Väsby, nje kidogo ya Stockholm. Mwanamke mpole. Sikuwa na kosa lolote la kumshikia, na hilo lilinikera zaidi. Majira ya baridi yalipotuchosha alitualika twende naye kwao, kusini mwa India, tukaone magofu ya Hampi. Mume wa binti yangu hakupata likizo. Mimi niliomba likizo siku hiyohiyo, maana sikutaka waende wawili peke yao.

Hampi ulikuwa mji wa mahekalu ya Kihindu, mkubwa, kisha ukavunjwa na kuachwa. Sasa mahekalu yametawanyika kati ya vilima vya mawe, mawe makubwa kama nyumba, yamepandana hata unaogopa kupita chini yake. Kando ya mto kuna migomba. Nguzo zimechongwa farasi, wacheza ngoma, wanawake wanaosuka nywele.

Mama yule alikuwa akiletwa pale na baba yake tangu utotoni. Alijua kila ukuta. Alimshika binti yangu mkono, akakiweka kiganja chake juu ya mchongo, akamsimulia polepole kwa Kikannada, na binti yangu akarudia maneno kama mtoto wa chekechea. Halafu binti yangu alinigeukia mimi na kunifasiria. Hadithi ya robo saa, mimi nilipewa sentensi mbili.

Binti yangu alimwita "Amma". Sikuhitaji kufasiriwa.

Siku ya pili tuliingia katika hekalu ambamo bado watu wanaabudu. Mama yule alichovya kidole katika unga mwekundu, akamtia binti yangu alama kwenye paji la uso, na binti yangu akainamisha kichwa kuipokea. Sauti ilinitoka kabla sijafikiri.

"Futa hiyo! Wewe ni mtoto wa kanisa. Una mama yako."

Watu waligeuka. Binti yangu alinitazama, macho yamejaa machozi, akasema kwa Kiswahili safi:

"Mama, usinifanyie hivi mbele yake."

Nilikuwa nimekingoja Kiswahili chake zaidi ya miaka ishirini. Kilipokuja, kilikuja na maneno hayo.

Nilitoka nje nikaenda kukaa katika ukumbi wa nguzo usio na paa. Jua lilikuwa kali. Baada ya muda aliyekuja hakuwa binti yangu, alikuwa yule mama, na chupa ya maji. Akakaa kando yangu. Tulizungumza Kiswidi, lugha isiyo ya kwetu sote wawili.

"Nimekosea. Nilipaswa kukuuliza kwanza," alisema.

"Hukukosea. Mimi ndimi mwenye kosa." Nikanywa maji, kisha nikauliza nililokuja nalo kutoka Stockholm. "Ulimfanyaje hata akakubali kujifunza?"

Alishangaa. "Sikumfanya chochote. Tulikuwa jikoni, akashika kijiko akaniuliza kinaitwaje. Wanangu mwenyewe hawakuwahi kuniuliza."

Hapo nilikumbuka. Binti yangu aliuliza pia, alipokuwa mdogo. Aliuliza kila kitu. Siku moja wageni walikuja kwetu Hallonbergen, akaja sebuleni akasema, "Viatu zangu amepotea." Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Nikamwambia arudie, wageni wakacheka tena. Kila walipokuja wageni nilimwita aseme ile ya viatu. Sijui ni mara ya ngapi alipokataa, akaingia chumbani, na tangu hapo akawa ananijibu Kiswidi.

Jioni hiyo, kwenye ngazi za nyumba ya wageni, nilimwambia.

"Nilikucheka ulipokuwa mdogo. Wewe na viatu vyako. Nisamehe. Na la leo pia."

Alivuta uzi wa shali yake. "Nilidhani umesahau," alisema kwa Kiswidi. Kisha akaegemeza kichwa begani kwangu, ile alama nyekundu ikanichafua blauzi, nami sikujisogeza.

Tangu turudi, hunipigia simu akiwa kwenye treni kwenda kazini, na dakika chache za kwanza huwa za Kiswahili. Hukosea, na kicheko kikinijia naweka kiganja mdomoni. Na wivu? Upo. Juzi tulikuwa wote watatu Upplands Väsby, nikawasikia jikoni wakizozana kwa Kikannada juu ya chumvi, haraka haraka, bila kukwama popote. Roho iliniuma. Niliinuka, nikaingia jikoni, nikaomba nami nipewe kitu cha kumenya.