Bango Namba Kumi na Moja

Siku yangu ya kwanza kazini, Madamu Diretrisi wa shule ya wakunga aliniuliza, "Ni we mwenye diplome ya masomo ya jioni?"

"Ni mi, Madamu."

"Unajua kuchora mutoto muchanga?"

"Hata yule ambaye mimba yake haijatungwa."

Hakucheka. Nadhani mwanamke yule alicheka mara moja tu maishani, na siku hiyo mimi nilikuwa likizo.

Alinifungulia kabati. Ndani mlikuwa na mabango ya kufundishia, karatasi nene zilizogandishwa kwenye kitambaa, kijiti cha mbao juu na kingine chini. Yalitoka Ulaya zamani. Unyevu wa ziwa ulikuwa umeyavimbisha, na mende waliokula gundi yake walikuwa wamenenepa kama paka. Kazi yangu ilikuwa kubandika palipochanika, kurudishia rangi, kupaka vanishi, kisha kulitundika bango la somo kabla wanafunzi hawajaingia. Hivyo nikajifunza ukunga bila kugusa mzazi hata mmoja: mtoto aliyetanguliza matako, kondo la nyuma lililoziba njia, kitovu kinavyofungwa mara mbili ndipo kikatwe.

Watoto wote wa mabango walikuwa Wazungu, na kina mama wa kliniki waliwacheka. Madamu akaniagiza niwape ngozi yetu. Nilishuka mtaa wa maduka wa Asiatique, nikarudi na makopo ya rangi ya kahawia, na kwa majuma machache nikawa baba wa watoto wengi kuliko mfalme yeyote. Kila bango nikalitia jina langu, kona ya kulia, chini, kwa herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya ziwa, Kongo.

Namba kumi na moja lilikuwa la mtoto aliyekosa hewa. Mchoraji wa kwanza alimpaka bluu mwili mzima. Mimi nikampaka kahawia, midomo nikaitia wekundu maana ile bluu iliniudhi, na bluu kidogo nikaibakiza tumboni. Madamu akatazama, akasema, "Sawa." Tangu hapo wanafunzi waligusa tumbo kwa fimbo na kukariri: hapa ndipo utaona bluu.

Spesioza alikariri kuliko wote. Alipangiwa zahanati upande wa Gatumba. Miezi michache baadaye alirudi, akasimama mbele ya bango, mimi nikiwa juu ya ngazi.

"Ni nani alichora hii?"

Madamu aliniwahi. "Ilitoka Ulaya hivyo."

"Ulaya watoto wako kahawia?" Sauti yake ilikuwa chini. "Nilizalisha mutoto, akalia kidogo. Nikaangalia tumbo, sikuona bluu. Mama yake akauliza, mbona midomo iko hivi? Nikamujibu, ni baridi. Nikamufunga kitenge. Saa sita alikuwa amekufa."

Madamu alinikazia macho: nyamaza. Ningenyamaza, kazi yangu isingeguswa.

"Ni mi," nikasema. "Jina liko pale chini."

Hakunitukana. Alinipeleka wodi ya wazazi, akanifunulia vinywa vya watoto, mmoja baada ya mwingine: midomo, ufizi, ulimi. "Kwa ngozi yetu, muzee, hewa inasomwa hapa. Si tumboni." Wa mwisho alikuwa ndani ya mashine ya joto, na ulimi wake ulikuwa na rangi ile ile niliyoifuta.

Nililichora upya bango. Kisha nikachukua wembe ili nikwangue jina langu. Spesioza akanishika mkono.

"Apana. Acha jina. Kila darasa watauliza ni la nani. Utawaambia."

Na kweli waliuliza. Nilitumikia madiretrisi watatu, na kila darasa jipya nilisimama mbele yao nikasema, hadi siku nilipostaafu. Sasa wanafunzi wanasomea kwenye skrini. Bango nimepewa mimi, liko ukutani nyumbani. Kila hadithi yangu naitia chumvi, mnanijua. Hii naisimulia ilivyo.

Mtoto yule alikufa kabla hajapewa jina. Langu ndilo lililobaki pale, kona ya kulia, chini.