Shavu la Kushoto

Mnisamehe mwandiko. Niliishia darasa la saba, na herufi nyingine huwa naziruka bila kujua. Mkono wangu ni mzito, lakini mdomo ni mzito zaidi, ndiyo maana naandika.

Nilizaliwa mweupe, na vidoa vya kahawia vimejaa puani na mashavuni, kama marehemu baba. Shuleni waliniita Kanga, yule ndege, na wakinipita walilia kama yeye. Nilitaka kitu kimoja tu: uso ambao mtu anauangalia bila kucheka.

Shangazi anayenilea aliuza mkorogo, dawa ya kung'arisha ngozi, gulioni Majimoto. Aliuchanganya mwenyewe kwenye ndoo, kutoka makopo yasiyo na maandishi. Nikamwomba anipake. Akapaka shavu la kushoto, akafunika ndoo.

"Na hili lingine, shangazi?"

"Liache. Wateja wataamini vipi?"

Siku za gulio alinikalisha juu ya gunia la mpunga, akanishika kidevu na kunigeuza kama anauza papai. "Mama, angalia huku: Kanga. Haya, angalia huku: mtoto wa mjini!" Walicheka. Mimi nilifurahi, maana shavu lilikuwa linatakata kweli.

Kisha mpunga ukazaa, tukaanza kuwinga ndege wasile shambani. Kutwa juani, kichwa wazi. Shavu la kushoto likawaka, likabanduka, likawa jeusi kama sufuria.

Nilipoenda zahanati, nesi aliuliza nani kanipaka. Nikafunika shavu kwa kiganja.

"Vidoa vyako havikuwa ugonjwa," akasema. "Umezaliwa navyo, jua linavikoleza tu. Ungevaa kofia pana na mikono mirefu, ukapaka losheni ya kuzuia jua, vingefifia. Kuisha, haviishi. Anayetaka vipungue zaidi anaenda kwa daktari wa ngozi, siyo kwenye ndoo. Sasa hili shavu..."

Nilidhani shangazi atanificha. Gulio lililofuata akanikalisha juu ya gunia lile lile.

Akaja binti wa rika langu, blauzi ya kijani, vidoa kama vyangu. Shangazi akanishika kidevu.

"Ona, mwanangu. Hili jeusi ndilo alilozaliwa nalo. Hili la kulia ndilo nimelitibu, vimebaki vidoa vichache tu."

Binti aliniangalia mimi.

"Ni kweli, dada?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniangalia hivyo, bila kucheka. Vidole vya shangazi vikanibana taya. Nikaitikia kwa kichwa.

Akanunua kopo. Akapanda bodaboda, akanipungia mkono.

Shangazi akasema, "Kumbe una akili."

Sijamwona tena binti yule. Wewe wa blauzi ya kijani, kama hujaanza kupaka, mwaga. Kama umeanza, acha, vaa kofia, nenda zahanati. Na uniandikie, hata kwa matusi. Nyie wengine mnaomjua, niandikieni nyie. Nataka kuambiwa shavu lake likoje.