Sima ya Waliokwenda Mjini

Kila nikinusa mchunga, ile mboga chungu ya majani, uliopikwa kwa tui la nazi, narudi Kakuyuni, asubuhi ile tuliyohamia mjini. Hawe, mamake baba, alitoa usemi wa Kigiriama juu ya shamba na mji. Ulianzia kwa babu yake, aliyekwenda Malindi kununua chumvi asirudi, na nyumbani wakawa wanampakulia sima kila jioni.

Mama, mtu wa bara, akaniuliza, “Anasemaje?”

Usemi wenyewe ulisema kwamba aendaye mjini harudi shambani. Nikamwambia, “Anasema tusikawie.”

Hawe alikuwa akisikia Kiswahili vizuri. Akafuta mikono kwenye leso.

“Sikusema hivyo,” akaninong’oneza. “Lakini mwache aelewe hivyo hivyo.”

Baadaye niliambiwa kwamba jioni ile, tulipokwisha kuondoka, alitupakulia sima sote watatu: baba, mama na mimi.