Jogoo wa Lubaga na Taa za Gari Langu

Ndugu zangu, mimi ni mzee wa kanisa, nimesimama mbele za watu kuomba tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na bado nikiikumbuka siku ile ya Lubaga nafunika uso kwa kofia, na mke wangu akiniona hivyo huuliza tu, "Ni jogoo tena?"

Mambo yalianza na taa. Gari langu kuukuu lilikuwa na taa hafifu, na jirani yangu hapa Kyebando, Opio, dereva mstaafu wa polisi, alikuwa hanipi nafasi: "Mzee, hii si taa, hii ni mshumaa ya kanisa!" Akanishauri nibadilishe waya zote za taa, niweke nene zinazotoka moja kwa moja kwenye betri, pamoja na rilei, kile kidude kinachobeba umeme mwingi ili swichi ya ndani isiungue. Nikafikiri, nikaomba (kweli niliomba, ingawa jibu nilikuwa nimeshalitia mfukoni), kisha nikaamua kwamba balbu kali nitaweka, lakini waya mpya na rilei ni mbwembwe za polisi.

"Swichi yako itaungua, Mzee."

"Gari hili Mungu amelitunza miaka yote, Opio."

"Ametunza, ndiyo. Lakini hiyo waya, fundi ndiye aliweka."

Basi Jumamosi moja tukampeleka mpwa wangu Daudi kule Lubaga kwenye kwanjula, ile sherehe ambayo Waganda humpokea rasmi kijana anayetaka kumwoa binti yao, na mimi nilisimama mahali pa marehemu baba yake. Baba wa binti alikuwa amesema wazi kwamba hana neno na Daudi, ila sisi Wakenya ni wageni kwake, na kabla ya kutoa mtoto anataka kuona watu wake ni watu wa namna gani. Nikatangulia msafara mchana kweupe, taa zikiwaka kama ilivyo desturi ya misafara, mimi na kanzu yangu nyeupe, nikijiona Musa anayewavusha wana wa Israeli. Karibu na geti nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, nikalaumu jalala la watu. Nikaegesha, nikazima taa, nikaingia bila kugeuka nyuma.

Nikapewa nafasi ya kuomba, nami nikaomba kwa nguvu, nikamsihi Mungu awasaidie vijana hawa waishi katika kweli. Nikaketi. Baada ya salamu ndefu, msemaji wa wakwe (alituhurumia kwa kusema Kiswahili) akauliza kwenye kipaza sauti, "Wageni, kuna gari nje, taa zinawaka. Ni ya nani?"

Nilizima kwa mkono wangu, nikajiambia, basi si langu. Tena mgeni haamki ovyo kwenye kwanjula, hutaniwa mpaka jua linatua. Nikanyamaza.

Zawadi zikaingia, hotuba zikafuata, na yule bwana akarudi. "Jamani, ni gari ya kijivu, inamulika mama zetu jikoni kama wezi!" Watu wakacheka. Opio, aliyekuja nasi kwenye msafara, akaninong'oneza kutoka nyuma, "Mzee, ni wewe." Nikatikisa kichwa.

Mara ya tatu akaja mpaka mbele yangu. "Mzee wetu, sasa inatoa moshi. Wewe ndiye kiongozi wa msafara. Gari hiyo unaijua?"

"Siijui," nikasema, mbele ya baba wa binti, kwa sauti ileile ya maombi.

Hapo hapo, ndani ya kikapu alichokipakata Daudi, yule jogoo ambaye kwa desturi tulimletea kaka wa bibi harusi akawika.

Shangazi mmoja wa binti akasema taratibu, "Petro," na hema zima likalipuka kwa kicheko. Daudi peke yake hakucheka. Nilipoyaona macho yake nikasimama. "Gari ni langu," nikasema, "na nimesema uongo," nikaeleza yote, balbu, waya, Opio, hata yale maombi yangu. Baba wa binti akamtazama Daudi, akanitazama mimi, nami nikaona ndoa ya mtoto wa ndugu yangu ikiyeyuka pamoja na swichi.

"Mtu anayekiri mbele ya wakwe," akasema mwishowe, "huyo naweza kumwachia mtoto. Daudi, karibu nyumbani."

Nilimshukuru Mungu huku kanzu imelowa jasho. Nje, Opio alichomoa waya wa betri. Swichi ilikuwa imeyeyuka na kugandia palepale pa kuwaka. Wakati wa kuondoka aliurudisha, lakini betri haikuwa na nguvu hata ya kupiga honi, kwa hiyo wakwe wakanisukuma kuteremka kilima, wazee wazima na kanzu zao, msemaji akipaza sauti, "Petro, tia gia!"

Waya nene na rilei Opio alinifungia wiki ileile, na taa zinawaka vizuri, Mungu ni mwema. Kaka wa bibi harusi alikataa kumchinja yule jogoo, na kila nikienda kuwasalimu wakwe namkuta uani akinitazama. Nami nimeweka nadhiri: popote watakapotangaza gari lenye taa zinazowaka, nitakuwa wa kwanza kusimama, hata kama nimekuja kwa miguu.