Nilivyokwenda Eksirei na Chumvi Yangu

Mpwa wangu anayesoma fizikia aliniambia kwamba elektroni zikipita kwa kasi kubwa ndani ya fuwele hutoa mionzi ya eksirei. "Hata chumvi ni fuwele, mjomba." Mimi nikasikia punguzo la bei. Kama glovu tunajinunulia, kwa nini nisiende hospitali kule Muleba na fuwele yangu? Kwenye foleni, bega likiniuma, nikawafundisha wagonjwa wenzangu kama profesa. Nilipoingia chumba cha eksirei, nikaweka chumvi ya mawe mezani.

"Fuwele ninayo. Nipunguzie, waitu," nikamsihi kwa heshima ya Kihaya.

Mpiga picha alicheka mpaka akashika ukuta. "Tata, mashine yetu inarusha elektroni kwenye chuma! Chumvi hii nenda ukaungie maharage."

Akaita anayefuata. Bibi mmoja akaingia na pakiti nzima ya chumvi mkononi.

"Mimi nataka miguu yote miwili," alisema. "Amenielekeza profesa huyu."