Mto wa Gogo si kiti

Nyie wajukuu, tangu Pasaka hamjakanyaga kwangu! Leo mmekosa kicheko.

Kule makumbusho tunapanga vyombo vya Wazulu wa zamani. Rafiki yangu Gogo Thembi, yaani Bibi Thembi kwa Kizulu, ameleta mto wa mbao wa kulazia kichwa, wa marehemu mama yake.

Bosi wa makumbusho akatusomea karatasi aliyouandikia mto ule: "Kiti cha mtoto."

Gogo machozi yakamlenga.

Eish! Mimi sikusoma, lakini hata mama yangu kule Kongo alilalia mto kama ule. Nikajilaza sakafuni, shingo juu ya mto.

Mlinzi akapiga kelele: "Mama ameanguka!"

Gogo akacheka, akanisukuma: "Sogea, huo wa mama yangu." Akalala yeye.

Bosi anaandika upya.

Jumamosi mje mnisomee hiyo karatasi. Mkikuta bado ni kiti, laleni chini palepale.