Log Ilivyomsomea Maman Joséphine Sala Yangu

Jamani, kuna aibu ya kuficha na kuna aibu ya kusimulia kifua mbele, na hii yangu ilianza kama ya kwanza ikaishia ya pili.

Nilikuwa nimeitengenezea parokia yetu hapa Bukavu tovuti yenye ukurasa wa nia za misa, ili hata mtu aliye Kamituga aandike ombi lake limfikie padiri peke yake (nia nyingine ni siri nzito, mtu anamwombea mume mlevi). Ukurasa ukagoma. Nikawasha log, yaani faili ambamo tovuti hujiandikia kila inachofanya na kila inachoandikiwa, nione ilikokwama, nikaiacha kwenye folda ya wazi pamoja na picha za kwaya, nikasema nitaihamisha baadaye. Baadaye! Neno hilo limenimaliza.

Sasa, kuujaribu ukurasa lazima uandike kitu. Mwingine angeandika "jaribio, jaribio" akaendelea na maisha yake, lakini mimi niliyelelewa na nyanya wa rozari niliona ni dhambi kuchezea nia ya misa, nikaandika nia ya kweli, na kila ukurasa ulipogoma nikaituma tena, mpaka ukapona, nikaenda zangu mazoezi ya kwaya nikipiga mluzi.

Jumamosi kamati ikakaa kuamua kama ukurasa ufunguliwe. Maman Joséphine, présidente wa kamati, ambaye nilimpenda binti yake Nadine na mama huyo hakutaka hata kunisikia, alikuwa ametafuta jina lake mtandaoni (sote tunafanya, tusidanganyane), na log yangu ya folda ya wazi ikamtokea. Akavaa miwani, akainua simu.

"Padiri, sikiya hii kintu," akasema, kisha akasoma polepole: "'Bwana, lainisha moyo wa Maman Joséphine anipe Nadine.' Na chini yake tena. Na tena! Iko ukurasa muzima!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Padiri alijifunika uso kwa daftari lake la ratiba (nia ile ya mwisho, iliyopita, ilikuwa imeshamfikia, maskini). Nilitamani ardhi inimeze.

Maman Joséphine hakucheka. "Ile ya kwangu haina matata. Lakini siri ya bengine batu? Bukavu muzima itasoma? Tuifunge."

Hapo damu ikanichemka. Kuchekwa nilistahili, ila kazi yangu kuzikwa, hapana! "Maman, munipatiye dakika kidogo tu," nikasema, nikafungua kompyuta mbele yao. Nikaifuta log ile, nikaweka nyingine nje ya folda za wazi, asikofika mgeni, nikaiamuru iandike makosa tu, maneno ya sala isiyaguse. Kisha nikamwambia mama aandike nia yake, halafu aitafute popote.

Aliandika akinigeuzia mgongo. Akafungua anwani ileile, patupu. Akatafuta jina lake kwenye tovuti nzima, akawapa wajumbe simu nao watafute, patupu! Mimi mwenyewe nikaifungua log mpya: hakuna hata herufi ya ombi lake. Padiri peke yake ndiye aliyelisoma ombi hilo kwenye simu yake, akatabasamu, akaitia simu mfukoni. Kamati ikapiga makofi, ukurasa ukafunguliwa, na mimi nikajiona askofu.

Nimeapa, log haitalala tena kwenye folda ya wazi hata kwa muda wa kunywa chai. Alichoandika mama sikijui mpaka leo. Najua tu alinisubiri mlangoni, akikunja miwani yake, akaniambia: "Kesho dimanche ulete bazee bako. Na basichelewe."